Usiku Mmoja, Hali Tatu za Hewa: Mavazi ya Onyesho la Muziki Wakati wa Baridi

Anayekwenda kusikiliza muziki wakati wa baridi kali hukutana na hali tatu za hewa ndani ya saa chache, na hakuna hata moja inayofanana na nyingine. Ya kwanza ni ya foleni, ambapo mtu husimama nje bila kusogea, pengine kwa saa nzima, huku upepo ukimwingia kila mahali koti lilipoacha mwanya. Ya pili ni ya ukumbini, katikati ya umati, ambapo joto la miili, la taa na la hewa isiyozunguka humfanya atokwe jasho hata kabla kikundi cha utangulizi hakijashuka jukwaani. Ya tatu, ambayo naiona kuwa mbaya kuliko zote, ni ya kutoka: usiku umekwenda, baridi imeongezeka, nguo za ndani zimelowa, na safari ya kurudi ndiyo kwanza inaanza. Ushauri mwingi kuhusu mavazi ya baridi humwandaa mtu kwa hali ya kwanza tu, kana kwamba anakwenda kupanda mlima, na ule wa wanamitindo humwandaa kwa picha itakayopigwa mlangoni. Mimi naamini kwamba vazi la usiku kama huo linapaswa kufuata mwendo wa usiku wenyewe, na kwamba swali la kwanza si koti gani livaliwe, bali nini kitabaki mwilini koti likishavuliwa.

Wataalamu wa joto la mwili wana kipimo cha nguo kiitwacho klo, ambacho kilipendekezwa mwaka 1941. Klo moja ni kiasi cha kinga kinachomwezesha mtu aliyeketi kimya kujisikia vizuri ndani ya chumba chenye nyuzi joto 21 za Selsiasi, na kinakaribiana na suti ya kawaida pamoja na nguo zake za ndani. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni joto ambalo mwili wenyewe huzalisha. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban wati 100, akisimama kiwango hupanda kidogo, na akicheza hupanda mara mbili hadi nne, kutegemea anavyocheza. Watu elfu moja waliosimama tu katika ukumbi mmoja wanaupa hewa yake kilowati 100 na zaidi kabla hakijapigwa chombo chochote. Kwa maneno mengine, yule yule aliyehitaji klo tatu au nne pale nje huenda asihitaji hata nusu klo mbele ya jukwaa, wala hatakuwa na muda wala nafasi ya kubadili nguo baina ya hali hizo mbili. Ndiyo maana kila mtu hushauriwa kuvaa matabaka. Ushauri huo ni sahihi, ila mara nyingi huishia hapo, bila kueleza ni tabaka gani litavuliwa, litavuliwa vipi katikati ya watu waliobanana, na litawekwa wapi baada ya kuvuliwa.

Nianze na nguo inayogusa ngozi, kwa kuwa ndiyo pekee isiyovuliwa usiku kucha, na ndiyo inayoamua jinsi safari ya kurudi itakavyokuwa. Fulana ya pamba inayopendwa na wengi ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa jambo hili moja. Pamba hunyonya jasho, hulishikilia, na hukauka polepole, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, hivyo fulana iliyolowa wakati wa nyimbo za mwisho ndiyo itakayoufyonza mwili joto mara mlango wa ukumbi utakapofunguliwa. Poliesta hunyonya kiasi kidogo mno, chini ya asilimia moja ya uzito wake, na jasho husambaa juu ya nyuzi zake na kukauka upesi. Tatizo lake ni harufu, ambayo katika umati uliobanana si siri ya mtu mmoja. Sufu ya kondoo wa merino hutatua yote mawili kwa kiasi kikubwa. Nyuzi zake ni nyembamba, na zile zinazotumika kwa nguo za ndani kwa kawaida huwa na upana usiozidi mikroni 20, yaani sehemu 20 za elfu za milimita, ndiyo maana haziwashi kama sweta za zamani. Huweza kubeba mvuke unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi umajimaji. Na hukawia kushika harufu. Hariri nayo hufaa, hasa kwa wale ambao ngozi yao haivumilii sufu ya aina yoyote.

Hapa pana jambo la mtindo ambalo huwa nalisisitiza kwa yeyote anayeniuliza: nguo ya ndani iwe nguo unayoweza kuonekana nayo. Watu hununua fulana za ndani zenye rangi ya maziwa yaliyochacha na mishono inayofichwa, kisha joto linapopanda hujikuta wamenaswa ndani ya sweta wasiloweza kulivua kwa aibu ya kilicho chini yake. Fulana nyembamba ya sufu yenye mikono mirefu, nyeusi au ya rangi iliyokolea kama ya zambarau au kijani cha chupa, iliyokatwa vizuri mabegani na shingoni, ni vazi kamili mbele ya taa za jukwaa. Ikiongezewa mkufu au hereni zenye uzito kidogo, hakuna atakayejua kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya kuzuia baridi. Rangi ya kijivu hafifu niiseme kwa sauti ya chini: ni nzuri kweli, lakini hutangaza jasho la kwapani kuliko rangi nyingine yoyote.

Tabaka la kati ndilo ninalolifikiria kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo linaloonekana kuanzia pale koti linapotoka hadi pale joto linapokuwa kali. Sharti langu la kwanza ni kwamba lifunguke mbele. Kuvua sweta la kupitisha kichwani ukiwa umezungukwa na watu ni kuinua viwiko viwili katika usawa wa nyuso za majirani, kupoteza miwani, kuvuruga nywele, na kwa muda mfupi kubaki kipofu mahali ambapo watu wanasukumana. Kardigani, shati zito la flana, koti dogo la denimu, au koti la suti lisilo na bitana nene, vyote hufunguliwa kifungo kimoja baada ya kingine joto likiendelea kupanda, na hata kabla ya kuvuliwa vinaweza kuachwa wazi ili hewa ipite. Sharti la pili ni kwamba liwe jembamba kiasi cha kufungwa kiunoni bila kumnenepesha mtu, au kukunjwa na kuingia katika mkoba mdogo.

Ndani ya masharti hayo mawili kuna nafasi kubwa ya kupendeza. Mahameli hustahili kuliko kitambaa kingine chochote katika ukumbi wenye taa za rangi, kwa kuwa uso wake hushika mwanga na kuuachia kadiri mtu anavyosogea, na wakati huohuo una unene unaosaidia wakati wa foleni. Kodrai huleta utulivu zaidi na hufaa kwa maonyesho ya jazi au ya gitaa lisilo na umeme. Koti la ngozi ni vazi la muziki wa roki kwa miongo mingi, nami sina ugomvi nalo, mradi mvaaji akumbuke kwamba ngozi huzuia upepo lakini peke yake haihifadhi joto la maana. Inahitaji sweta jembamba la sufu chini yake na inahitaji kununuliwa ikiwa na nafasi hiyo. Kuhusu flisi, kitambaa chenye manyoya mafupi kilichotengenezwa mwaka 1979 na kiwanda cha Malden Mills cha Massachusetts, nakubali sifa zake zote: ni chepesi, kina joto, na hukauka haraka. Hata hivyo, chini ya taa za jukwaa humfanya mtu aonekane amepotea njia akielekea kambini. Naivaa kwa matembezi, na siivai kwa muziki.

Kutoka kiunoni kushuka chini, wengi hufikia suruali ya jinzi bila kufikiri. Jinzi ni pamba nzito, kwa hiyo theluji ikiyeyuka mapajani kitambaa hukaa na maji usiku mzima, na ile ya kubana ina kasoro ya ziada ya kufukuza hewa iliyopaswa kukaa kati ya kitambaa na ngozi. Hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto. Kitambaa kazi yake ni kuishikilia isiondoke. Kwa sababu hiyo, suruali pana ya sufu juu ya taitsi nyembamba ya merino huwa na joto kuliko jinzi nzito ya kubana, na sketi ndefu nzito inayokutana na buti ndefu huwa na joto kuliko wengi wanavyodhani. Anayetaka kuvaa gauni fupi hahitaji kuliacha: taitsi zenye bitana ya ndani laini zipo, na jozi mbili za taitsi nyembamba, moja juu ya nyingine, hufanya kazi kuliko jozi moja nene kwa sababu ileile ya hewa. Katika uwiano wa mwili, kanuni yangu ni kuruhusu kitu kimoja tu kiwe kinene. Ikiwa koti limejaa, suruali inyooke. Ikiwa suruali ni pana na inapepea, sehemu ya juu ifuate mwili.

Sasa koti, ambalo kwa makusudi nimelichelewesha. Nusu ya kazi yake ni kuzuia upepo. Kwa fomula ya baridi ya upepo ambayo Marekani na Kanada zimekuwa zikitumia tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikipeperushwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata pale kipimajoto kinaposoma sifuri kamili, upepo huohuo huishusha baridi inayohisiwa hadi karibu nyuzi 6 chini yake. Koti lenye sufu nyingi lakini lililofumwa kwa kuachanishwa, au lenye kola isiyofungika, litashindwa katika foleni hata kama dukani lilionekana zito na la kuaminika.

Makoti ya manyoya laini ya bata na bukini, ambayo kwa sura ya sasa yanatokana na koti la kutiwa vyumbavyumba ambalo Mmarekani Eddie Bauer alilipatia hataza mwaka 1940, yana sifa moja isiyo na mpinzani: hutunza joto jingi kwa uzito mdogo, na mengine hukunjika hadi kuingia katika mfuko wake yenyewe. Yakilowa, manyoya hushikamana, hewa hutoka, na joto hutoka nayo. Kabuti la sufu, kwa upande wake, humpa mtu umbo. Mabega hukaa, mstari unashuka hadi gotini, na aliyevaa chochote chini yake huonekana amejipanga. Lakini likivuliwa katika ukumbi usio na mahali pa kuliacha, kabuti hilo hugeuka mtoto aliyelala ambaye huna pa kumlaza.

Kwa hiyo uamuzi wa koti, kwangu, hautokani na kipimajoto wala kioo. Hutokana na swali kama ukumbi una chumba cha kuhifadhia makoti. Taarifa hiyo kwa kawaida hupatikana kwenye ukurasa wa ukumbi kabla ya siku ya onyesho, na inastahili kutafutwa mapema kuliko hata saa ya kufungua milango. Kama chumba kipo, kabuti refu la sufu ndilo jibu, na mtu anaweza kuvaa chini yake chochote chepesi anachotaka. Kama hakipo, ni bora kuvaa koti jembamba la manyoya linalokunjika, na juu yake koti la kuzuia upepo lisilo na bitana, vitu viwili vinavyobebeka badala ya kimoja kisichobebeka. Vyovyote iwavyo, koti lijaribiwe likiwa juu ya tabaka la kati litakalovaliwa usiku huo. Koti linalobana mabega juu ya kardigani hubana pia ile hewa tuliyoihangaikia, na mvaaji hawezi kuinua mikono kupiga makofi.

Nigusie kidogo uzuri wa koti lenyewe, maana katika foleni koti ndilo vazi zima. Nyeusi ni salama, nayo hufanya kila mtu afanane na mwenzake. Aliyewahi kusubiri koti lake mwisho wa onyesho, huku mhudumu akipekua safu ya makoti meusi, anaelewa kwa nini napendekeza rangi ya ngamia, ya divai, au hata cheki kubwa. Asiyethubutu kwenda huko avae koti jeusi na skafu yenye rangi moja kali, kisha aisukume skafu ndani ya mkono wa koti anapolikabidhi, ili viwili hivyo visitengane.

Miguu inastahili kupewa muda zaidi, kwa sababu ndiyo huharibu usiku wa watu wengi waliovaa vizuri kila mahali pengine. Anayetembea katika theluji huipasha miguu yake kwa mwendo, lakini anayesimama kwenye lami au zege iliyoganda hupoteza joto moja kwa moja kupitia soli, na mwili ukianza kupoa hupunguza damu inayokwenda kwenye vidole ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Kiatu chenye soli nyembamba ya ngozi, hata kikiwa kizuri namna gani, hakina cha kuzuia hilo. Soli nene ya mpira yenye mifereji husaidia mara mbili, kwa kuitenga miguu na ardhi na kwa kuzuia kuteleza, na bahati nzuri buti zenye soli nene zinakubalika katika mitindo kiasi kwamba hakuna anayelazimika kuchagua kati ya joto na sura. Anayependa kuonekana mrefu avae soli iliyoinuka yote badala ya kisigino chembamba, kwa kuwa kisigino chembamba juu ya barafu ni hatari ya kweli, na baada ya saa mbili za kusimama ni mateso hata mahali pakavu.

Soksi hukosewa kwa wingi. Mtu huvaa jozi mbili nene ndani ya buti zinazomtosha barabara, kisha hushangaa vidole vikifa ganzi. Buti iliyojazwa hubana mishipa ya damu na kuigandamiza soksi hadi isibaki na hewa ndani yake. Jozi moja ya sufu yenye unene wa wastani, ndani ya buti yenye nafasi ya kuchezesha vidole, huishinda hiyo kwa mbali. Soli ya ndani ya sufu iliyoshindiliwa huongeza mengi, mradi iwekwe wakati wa kujaribu buti dukani na si baadaye. Katika foleni ndefu kuna ujanja mdogo ambao hauna heshima yoyote ya kimtindo lakini hufanya kazi: kusimama juu ya kipande cha boksi, au juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Nimewaona watu waliovaa kifahari kabisa wakifanya hivyo, na hakuna aliyewacheka, hasa wale waliokuwa nyuma yao bila boksi.

Kuhusu kichwa, bado inasikika kwamba sehemu kubwa ya joto la mwili hutokea huko, na hivyo kofia peke yake inatosha. Watafiti Rachel Vreeman na Aaron Carroll walilipinga dai hilo katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2008, wakieleza kwamba kichwa hakina upekee wowote; sehemu yoyote ya mwili iliyoachwa wazi hupoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake. Kofia inahitajika, basi, kwa sababu ya masikio na kwa sababu uso na kichwa huhisi baridi upesi, lakini haitafidia suruali nyembamba. Ichaguliwe kofia inayolala vizuri kichwani na kuingia mfukoni. Kofia yenye ukingo mpana, au yenye kishada kikubwa juu, ni adhabu kwa aliyesimama nyuma, na mtu akiamua kuivaa kwa ajili ya picha ya mlangoni aivue taa zinapozimwa. Anayetumia vizibo vya masikio, nami nadhani kila mtu karibu na spika anapaswa kuvitumia, avitie baada ya kuvua kofia, kwa sababu kofia inapovuliwa huvuta kamba zake au kuving'oa kabisa. Mwenye miwani naye ajiandae kwa ukungu utakaozifunika lenzi mara tu atakapoingia ndani, na awe na kitambaa laini karibu.

Skafu ndiyo nguo yenye faida nyingi kuliko ukubwa wake. Nje huziba mwanya wa kola, katika foleni hupanda hadi puani, ndani hugeuka pambo la bega au hufungwa kwenye mkoba, na katika viti hutandikwa mapajani. Iwe ndefu, nyepesi, isiyodondosha manyoya juu ya mahameli.

Mikono ina hadithi inayowahusu hata wanamuziki wakubwa. Januari 20, 2009, katika kuapishwa kwa Barack Obama mjini Washington, mpiga selo Yo-Yo Ma, mpiga fidla Itzhak Perlman na wenzao wawili walipiga muziki mbele ya umati, lakini kilichosikika kupitia spika kilikuwa kimerekodiwa siku chache kabla, kwa kuwa baridi ile ilitishia kuviharibu vyombo sauti na hata kukata nyuzi. Msikilizaji naye ana chombo chake, yaani simu, ambayo betri yake hulegea katika baridi na inaweza kuzima ghafla ikiwa na chaji. Tiketi ikiwa ndani ya simu hiyo, mlangoni patakuwa na mjadala. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Glavu zenye nyuzi zinazopitisha umeme kwenye ncha za vidole huwezesha kugusa kioo bila kuzivua, lakini nyingi ni nyembamba, kwa hiyo napendelea kuzivaa ndani ya glavu kubwa zisizotenganisha vidole, ambazo hutunza joto zaidi kwa kuviacha vidole vipashane. Vipasha joto vya mfukoni, vile vyenye unga wa chuma unaooksidika ukikutana na hewa, hudumu kwa saa kadhaa na havihitaji umeme. Visigusishwe ngozi moja kwa moja, kwa sababu huweza kuunguza polepole bila mtu kugundua.

Maonyesho ya nje yana sheria tofauti, kwani huko koti halivuliwi kamwe, na kila kilichosemwa kuhusu tabaka la kati hupoteza nguvu. Igloofest ya Montréal, tamasha la muziki wa kielektroniki ambalo tangu mwaka 2007 hufanyika nje katikati ya baridi ya Kanada, limeonyesha suluhisho la kufurahisha: wahudhuriaji wengi huvaa suti nzima za kuteleza kwenye theluji, za mtindo wa zamani, zenye rangi zinazopiga kelele, na kuzigeuza kuwa ndiyo fasheni yenyewe. Nalipenda wazo hilo kwa sababu linakubali ukweli badala ya kupigana nao. Kama nguo ya nje ndiyo pekee itakayoonekana, basi rangi, mzaha na pambo viende kwenye nguo ya nje, na chini yake mtu avae chochote chenye joto bila kujali sura. Kosa ni kuvaa gauni la kumetameta chini ya koti la kijivu kwenye uwanja wa wazi, ambapo hakuna atakayeliona isipokuwa mtu akifungua koti na kuugua.

Kumbi za viti na muziki wa okestra sitazichelewesha. Hapo mtu haongezi joto kwa kucheza, kwa hiyo tabaka la kati hubaki mwilini na linaweza kuwa zito zaidi. La kuangalia ni kelele: koti la nailoni linalochakarika kila mwenye nalo anapopumua litasikika safu tano mbele wakati wa sehemu ya polepole, na bangili nyingi hufanya vivyo hivyo. Sufu, mahameli na hariri vina adabu ya kunyamaza.

Mikoba nayo ina masharti. Viwanja vingi vikubwa vya Marekani, kufuatia utaratibu ulioanzishwa mwaka 2013 na NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, huruhusu mikoba inayoonyesha kilichomo tu na yenye ukubwa maalumu, na kumbi za nchi nyingine zina mipaka yao. Miavuli mara nyingi hukataliwa. Hilo huongeza thamani ya mifuko ya ndani yenye zipu, na hunifanya nichague koti lenye kofia yake yenyewe pale mvua au theluji inapotarajiwa.

Kisha huja kutoka. Nguo haizalishi joto, huhifadhi tu lile lililopo, hivyo mahali pa kuvaa ni ndani, mwili ukiwa bado moto, na si nje baada ya mtetemeko kuanza. Wakati wa wimbo wa nyongeza, au mara tu unapokwisha, tabaka la kati lirudi mwilini, lifungwe hadi juu, skafu ifuate, kisha foleni ya koti. Aliyecheza hadi kulowa na ambaye ana fulana ya akiba katika mkoba aibadilishe chooni kabla ya kuvaa kingine chochote. Hakuna koti litakalofanya kazi ya fulana kavu. Pombe haisaidii hapa ingawa huonekana kusaidia, kwa kuwa hupanua mishipa ya karibu na ngozi, ikampa mtu hisia ya joto huku joto lenyewe likitoka nje kwa kasi zaidi. Na nyumbani, hata kama usingizi umezidi, koti la manyoya lisiachwe limekunjwa na unyevu wake, sufu itandazwe badala ya kutundikwa ikiwa imelowa, na buti zijazwe magazeti na kuwekwa mbali na kipasha joto, kwa sababu ngozi inayokaushwa kwa moto hupasuka kwenye mikunjo, kuanzia pale vidole vinapopindia.